Je, wajua kwa nini sala ya shukrani ya kila usiku huweza kupoa?

"Asante Mungu kwa pumzi, uzima na afya; wapo waliotamani kuiona siku ya leo, hawakujaliwa." Wengi wameikariri sala hii tangu utotoni. Lakini ikisharudiwa miaka, mdomo huitamka huku akili ikipiga hesabu ya nauli ya kesho.

Jibu la haraka huwa ni imani haba, na dawa inayotolewa ni kushukuru mara nyingi zaidi, kuwaza mazuri tu na kutokiri udhaifu. Hapo pana makosa mawili.

Kwanza, shukrani na kuwaza chanya huwekwa kapu moja. Shukrani huangalia kilichokwisha kutendeka na aliyekitenda. Kuwaza chanya mara nyingi ni kujiona tayari umefika. Mwaka 1991, wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakijitahidi kupunguza uzito. Waliotarajia kufaulu walipungua zaidi, ila wale waliojenga picha tamu za mafanikio kichwani walipungua kidogo. Inaelekea akili hula matunda mapema, kisha juhudi inalegea. Paulo naye, anapotaja ya kutafakari katika Wafilipi 4:8, anaanza na yaliyo ya kweli. Na Zaburi 13 ina mistari sita tu: miwili ya malalamiko, miwili ya maombi, miwili ya tumaini. Anayekatazwa kulalamika mbele za Mungu amenyang'anywa sehemu kubwa ya kitabu cha Zaburi.

Kosa la pili ni kudhani wingi ndio nguvu. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwapa wanafunzi kazi ya kuorodhesha baraka zao kwa wiki sita. Walioandika mara moja kwa wiki walionyesha furaha zaidi. Walioandika mara tatu, hapana. Tusiifanye kuwa sheria: ni utafiti mmoja, na katika kazi ya wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough ya 2003, hata walioandika kila siku kwa wiki mbili hivi walinufaika.

Kinachopoza sala ni mazoea. Mgeni akiingia nyumba iliyofukizwa udi, harufu humpokea mlangoni. Mwenyeji aliyeketi ndani haisikii tena, ingawa moshi ni uleule. Pua yake ni nzima. Ubongo umeacha kuripoti kisichobadilika. Akiongeza udi kwenye chetezo, ataisikia kidogo kisha itapotea tena. Akibadilisha aina ya udi, au akitoka uani akarudi, harufu inamrudia.

Kubadilisha udi ni kutaja jambo jipya. Zaburi 136 hurudia "fadhili zake ni za milele" mara 26, lakini karibu kila mstari una jambo lake: jua, mwezi, Bahari ya Shamu, hata Ogu mfalme wa Bashani. Kutoka uani ni kuwaza jambo hilo lisingetokea. Katika utafiti wa 2008, watu walioandika jinsi ambavyo wangeweza kutokutana kabisa na wenzi wao waliridhika zaidi na uhusiano kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Ajabu, lakini ndivyo.

Basi tenga dakika kumi, mara moja au mbili kwa wiki. Pitia siku saa kwa saa, kama Ignatius wa Loyola, padri mwanzilishi wa Wajesuiti, alivyofundisha karne ya 16. Yeye aliweka shukrani kwanza, dhambi baadaye. Andika nani, alifanya nini, lini. "Familia" ni neno pana mno. "Shangazi alinibakizia maharage niliporudi saa tatu usiku" linatosha. Chagua moja ujiulize lingekosekanaje. Kama aliyetenda ni mtu, mtumie ujumbe.

Zoezi huharibika likitumiwa kumnyamazisha mfiwa. Zaburi 88 haina mstari wa shukrani hata mmoja, na imo kwenye Biblia, msomee hiyo. Kwa mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha faida ndogo, kwa hiyo daftari liende sambamba na matibabu, lisichukue nafasi yake.

Emmons na McCullough waliwaomba washiriki waandike mambo yasiyozidi matano. Ukijikuta unatafuta cha kujazia nafasi ya tano, ishia kwenye la tatu.