Kura za Maafisa Hazikumaliza Mabishano

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu aliyesoma vizuri, kwamba katika makoloni ya Uingereza gavana alikuwa na maafisa wake walio wengi katika baraza la kutunga sheria, kwa hiyo upinzani wa wakazi wa koloni ulikuwa maigizo tu. Hapana! Idadi ya kura haikuambii koloni lililipa nini.

Chukua Straits Settlements, koloni la Uingereza Kusini-Mashariki mwa Asia: Singapore, Penang na Malacca. Mwaka 1890 London, yaani serikali ya Uingereza, ilitaka mchango wa ulinzi, malipo ya koloni kwa ajili ya jeshi la Uingereza, upande kutoka takriban pauni 50,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Wajumbe wasio rasmi, yaani wasio maafisa wa serikali, wengi wao wafanyabiashara, walipinga: ngome tumejenga kwa pesa zetu, na bandari hii inahudumia meli za himaya nzima. Maafisa wakapiga kura walivyoagizwa, hoja ikapita. Wasimuliaji wengi huishia hapo, na hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Mchango ulidaiwa kwa pauni, ilhali mapato yalikusanywa kwa dola za madini ya fedha. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Dola ikiwa na thamani ya shilingi 3 na peni 4, pauni 100,000 ni dola 600,000. Ikishuka hadi shilingi 2, ni dola milioni moja. Na madini ya fedha yaliporomoka bei miaka ileile, hasa baada ya India kuacha kupokea madini ya fedha ya watu binafsi ili kuyageuza sarafu kwenye viwanda vyake mwaka 1893. Mzigo ukakua bila mtu kuinua mkono barazani.

Mwaka 1895 wajumbe wasio rasmi walijiuzulu kwa pamoja. Gavana akabaki na kura zake zote na viti vitupu. Mwaka huohuo kipimo kikabadilika: asilimia 17.5 ya mapato ya koloni.

Je, ni kujiuzulu kulikoisukuma London, au anguko la dola? Siwezi kuvitenganisha, na namtilia shaka anayevitenganisha kirahisi.

Asilimia ilikuwa na nafuu yake: mapato yakishuka, jeshi nalo linapungukiwa. Lakini asilimia ya mapato yapi? Singapore ilikuwa bandari huru, isiyotoza ushuru wa forodha, na sehemu kubwa ya mapato ilitokana na kukodisha haki ya kuuza kasumba (afyuni). Tena asilimia yenyewe hupandishwa. Hong Kong, koloni jingine la Uingereza, iliyowekewa asilimia 17.5 ileile, ilijikuta kwenye asilimia 20 mwaka 1901.