Saratani ikitambaa, nini hasa kinachotembea?

Shangazi yangu wa Wete, Pemba, alikuwa amekaa juu ya jamvi anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu kule, mara akashindwa kuinuka. Mgongo. Tukadhani ni uchovu wa msimu. Kumbe saratani imo kwenye pingili za uti wa mgongo, miaka mitatu baada ya kutibiwa saratani ya ziwa. Nyumba nzima ikasema: masikini, kapata na ya pili.

Haikuwa ya pili. Ilikuwa ile ile ya ziwa, imehama. Kinyama cha mfupani kikitiwa kwenye hadubini, chembe zake huonekana ni za ziwa, si za mfupa, na dawa hufuata asili hiyo.

Chembe ya kawaida hushikana na jirani zake. Ya saratani hujibandua, ikapenya ukuta wa mshipa na kuchukuliwa na damu. Au huingia kwenye mishipa ya limfu, yale majimaji yanayochujwa na tezi; ndiyo maana mwenye uvimbe wa ziwa hupapaswa hadi kwapani, ziliko tezi hizo. Nyingi hufa njiani. Chache hukwama kwenye vimishipa vyembamba, zikatoka, na huweza kulala miaka kabla ya kuota.

Mbona mfupani? Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya ziwa, akaona chembe hazitui ovyo. Alizifananisha na mbegu, na kiungo na udongo. Mpemba haelezwi hilo mara mbili: mche wa mkarafuu unaostawi kwetu, kaupande kwenye mawe ya Makunduchi, kule Unguja, uone. Saratani ya ziwa hupenda mifupa, mapafu, ini na ubongo. Ya tezi dume hupenda mifupa. Njia nayo ina neno lake: damu ya utumbo hupita inini kwanza, na saratani ya utumbo mpana mara nyingi huzukia huko.

Wapo wanaosema ikiguswa kisu ndipo inapotapakaa. Ni nadra mno kipimo cha kukatwa kinyama kuitawanya. Mara nyingi mtu hupasuliwa ikiwa imeshatambaa zamani, kisu kikabeba lawama. Shangazi alikaa na kijivimbe chake msimu mzima wa karafuu, hakumwambia mtu, kwa kuliogopa neno hilo.