Boesemani hapakwi rangi kwa chakula

Kwa mara nyingine nimeulizwa chakula cha "kutoa rangi", safari hii na mfugaji wa Mwanjelwa, Mbeya, anayeamini kuwa ametapeliwa, kwa sababu Boesemani, samaki wa mapambo wa tangini, aliosafirishiwa kutoka Dar es Salaam wamefika wakiwa wa kijivu kama dagaa.

Hakutapeliwa. Melanotaenia boesemani, ambaye kwao ni maziwa ya Ayamaru huko magharibi mwa Papua, Indonesia, huuzwa angali mchanga, na ile buluu ya mbele na chungwa la nyuma ni rangi za dume aliyekomaa, jambo linaloweza kuchukua mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kinachonichosha. Chungwa hutegemea kwa kiasi fulani karotenoidi anazokula samaki, yaani vitia-rangi vya manjano hadi nyekundu, kwa hiyo spirulina (kiumbe kidogo cha majini mithili ya mwani) na artemia (uduvi mdogo sana wa maji ya chumvi) vinasaidia. Buluu haimo katika kopo lolote, kwa kuwa hutokana na jinsi chembe za ngozi zinavyoakisi mwanga. Mtazame dume yule yule mwanga ukitokea nyuma yako, kisha mtazame mwanga ukitokea nyuma ya tangi, utadhani umebadilishiwa samaki. Anayekuuzia kopo la kuongeza buluu amekuuzia kopo.

Kinachoamsha rangi ni ushindani. Dume aliye peke yake hana wa kumtambia. Weka madume wawili au watatu, na majike wengi kuliko wao, katika tangi lenye urefu wa mita moja au zaidi, kisha uwe hapo mwanga wa asubuhi unapoingia: madume hujipanga ubavu kwa ubavu, mapezi yamesimama, na mstari ang'avu wa kwenye paji la uso huwaka na kuzimika ndani ya sekunde chache. Aliyewatazama saa nne usiku, taa imezimwa punde, asinilalamikie.

Kuhusu baridi ya Juni na Julai sina mjadala: hita, nyuzi 25, na maji mapya yapashwe moto kabla ya kumiminwa, kwani ya bomba la Mbeya asubuhi ni adhabu.

Hata hivyo, yupo dume atakayepewa yote haya na bado akabaki amefifia. Vitabu husingizia ubora wa maji. Mimi siridhiki na jibu hilo pale vipimo vinapokuwa sawa, na nashuku zaidi uzao mchanganyiko, ingawa kwa macho tu siwezi kuuthibitisha. Spishi za Melanotaenia, yaani Boesemani na ndugu zake wa karibu, huzaliana zenyewe kwa zenyewe kwa urahisi, na watoto wao mara nyingi hawapati uzuri wa upande wowote. Ndiyo maana ukimchanganya Boesemani na Melanotaenia lacustris wa Ziwa Kutubu, Papua Guinea Mpya, mayai utakayoyakuta yamenasa kwenye mimea ya tangini usiyalee, na zaidi ya hapo usimuuzie mwenzako ukimwambia ni Boesemani.