Vita vya Balochistan: havikuanza na bandari ya Gwadar

Linalorudiwa zaidi ni kwamba Wabulushi, watu wa Balochistan, eneo lililogawanyika kati ya Pakistan na Iran, walishika bunduki baada ya Wachina kuja kujenga bandari ya Gwadar. Si kweli. Bandari imechochea moto uliokuwa ukiwaka tangu zamani. Kalat, dola ya Wabulushi, iliunganishwa na Pakistan Machi 1948, na mwaka huohuo mdogo wake Khan, mtawala wa dola hiyo, aitwaye Agha Abdul Karim, akaasi. Maasi yakazuka tena 1958, yakarudi miaka ya 1960, na kati ya 1973 na 1977 yakawa vita kamili. Gwadar yenyewe, hadi 1958, ilikuwa ya Sultani wa Oman, wa ukoo uleule wa Busaidi uliotawala Zanzibar.

Ukitaka kujua kinachowauma, anza na gesi. Iligunduliwa Sui, ndani ya Balochistan, mwaka 1952, ikapelekwa kwa mabomba Karachi na Punjab. Quetta, makao makuu ya jimbo lilikotoka gesi hiyo, iliipata miaka ya 1980. Vijiji vingi jirani na visima bado vinapikia kuni.

Wengine husema ni jihadi. Upande wa Pakistan, kundi kubwa la waasi, Jeshi la Ukombozi wa Balochistan (BLA), linapigania taifa, halipiganii dini. Upande wa Iran mambo ni mengine: huko Wabulushi ni Wasuni chini ya serikali ya Kishia, na kundi la wapiganaji la Jaish al-Adl limekuwa likijinadi kwa dini. Kwa hiyo hata kusema ni vita vimoja ni kurahisisha mno. Januari 2024 Iran na Pakistan zilishambuliana kwa makombora, kila moja ikidai inawalenga wapiganaji waliojificha kwa jirani.

Dhana inayoumiza kuliko zote ni kwamba kila Mbulushi anaunga mkono bunduki. BLA limeua raia wasio na hatia. Agosti 2024, huko Musakhail, abiria walishushwa kwenye magari, wakakaguliwa vitambulisho, 23 wakapigwa risasi. Huwezi kuwabebesha damu hiyo akina mama walioandamana kutoka mji wa Turbat mwishoni mwa 2023 wakiongozwa na daktari Mahrang Baloch, mikononi wameshika picha za waume na watoto wao waliotoweka, wanaosema walichukuliwa na vyombo vya dola. Miongoni mwa madai yao: kama waliotoweka wana kosa, wafikishwe mahakamani. Islamabad iliwapokea kwa mizinga ya maji na virungu katika baridi ya Desemba. Machi 2025 Mahrang naye akatiwa ndani.