Frances Fitzgerald: yanayosemwa na yaliyotokea

Likitajwa jina la Frances Fitzgerald, wengi humkumbuka kama waziri wa Ireland aliyeng'olewa na barua pepe. Huo ndio upotofu mkubwa. Nianze na ule mdogo.

"Alirithi kiti cha ukoo." Kosa hili linaeleweka. Garret FitzGerald, waziri mkuu wa miaka ya 1980, alistaafu ubunge mwaka 1992, na katika uchaguzi huohuo Frances akashinda jimbo lilelile la Dublin South-East kwa tiketi ya chama kilekile, Fine Gael. Hawana undugu. Kwao Frances ni Ryan. Fitzgerald ni jina la ndoa. Alikuwa afisa ustawi wa jamii aliyefanya kazi na watoto na familia Dublin na London, kisha akaongoza Baraza la Taifa la Wanawake kuanzia 1988 hadi 1992.

"Alipanda bila kuteleza." Mwaka 2002 alipoteza kiti. Alirudi kupitia Seneti mwaka 2007, na bungeni mwaka 2011.

"Siasa ilimtoa kwenye ustawi wa jamii." Hapa sikubaliani kabisa. Mwaka 2011 alikuwa waziri kamili wa kwanza wa Watoto na Vijana. Mwaka uliofuata akasimamia kura ya maoni ya kuingiza haki za mtoto kwenye katiba. Asilimia 58 wakakubali. Afisa ustawi yeyote anamjua mtoto aliyekuwa akilengwa: yuko kwa walezi wa kambo miaka nenda rudi, hana matumaini ya kurudi nyumbani, lakini sheria ya wakati huo ilikaribia kuzuia kabisa asiasiliwe kwa kuwa wazazi wake wamefunga ndoa. Mtu aliyewahi kukaa sebuleni na familia kama hiyo ndiye anayejua ni kifungu gani kinaumiza. Januari 2014 likaanza pia shirika la Tusla, na huduma za ulinzi wa watoto zikaondolewa chini ya shirika kubwa la huduma za afya.

"Alijiuzulu kwa sababu alikutwa na hatia." Hapana. Novemba 2017 alikuwa Tánaiste, yaani naibu waziri mkuu. Zilifichuka barua pepe zilizomfikia mwaka 2015, alipokuwa Waziri wa Sheria, kuhusu mkakati wa mawakili wa polisi dhidi ya sajenti Maurice McCabe, aliyefichua maovu ndani ya jeshi hilo, mbele ya tume iliyokuwa ikichunguza madai yake. Wapinzani walitaka kujua kwa nini hakuingilia. Fianna Fáil, chama kilichokuwa kikiibeba serikali isiyo na wingi, kikaandaa kura ya kutokuwa na imani naye. Serikali ingeanguka na nchi ingeingia kwenye uchaguzi. Akaondoka tarehe 28.

Oktoba 2018 Jaji Peter Charleton, aliyechunguza sakata la McCabe, alitoa ripoti: Fitzgerald alilitafakari suala hilo, na uamuzi wake wa kutoingilia kazi ya tume hiyo iliyokuwa ikiendelea ulikuwa sahihi. Cheo hakikurudi. Inasikitisha kwamba habari ya kujiuzulu ilisambaa mbali kuliko ya kusafishwa.

"Baada ya hapo alikwisha." Mwaka 2019 wakazi wa Dublin walimpeleka Bunge la Ulaya. Huko, pamoja na Evin Incir wa Sweden, aliongoza majadiliano ya sheria ya kwanza ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, iliyopitishwa 2024. Walitaka ubakaji utafsiriwe kwa kigezo cha ridhaa. Nchi kadhaa, Ufaransa na Ujerumani zikiwamo, zikakataa, na kifungu hicho kikaondolewa.