Kinachomkuza Askari wa Zimamoto Baada ya Tukio Zito

Askari wa zimamoto ninaowasikiliza hapa Tanga ni nadra kuanza mazungumzo na moto. Huanza na usingizi uliopotea, au na harufu ya mishikaki wasiyoweza tena kuivumilia, na baadaye sana ndipo hutaja basi lililogongana na lori barabara ya Segera, au mtoto waliyemtoa ndani akiwa ameshakata roho.

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha hojaji ya vipengele 21 inayopima mabadiliko mema yanayoweza kumfika mtu baada ya janga: kuthamini uhai, ukaribu na watu, nguvu ya ndani, njia mpya za maisha na mabadiliko ya kiroho. Kwa askari wetu naona zaidi ule ukaribu. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani amenuna huanza kumwambia mkewe kwamba zamu ilikuwa mbaya, na kwa aliyefundishwa kupiga moyo konde hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, janga lenyewe halimkuzi mtu. Humkuza kazi ya akili inayofuata. Mwanzoni picha za tukio hujileta zenyewe, hata katikati ya sala. Baadaye, akipata msikilizaji asiyemhukumu, huzirudia kwa hiari yake akijiuliza lipi lilikuwa ndani ya uwezo wake na lipi halikuwa. Swali hilo lina uzito wa pekee katika zimamoto, kwa kuwa mara nyingi nyumba huwa imeshateketea kabla mtu hajapiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, na askari hubaki na hatia ya dakika ambazo hakuzipata. (Kauli ya “ni kazi ya Mungu” hufariji sana msibani, lakini mkuu wa zamu akiitamka mapema mno hufunga mazungumzo.)

Kukua huko hakufuti maumivu. Askari anaweza kuwa mpole zaidi kwa wanawe na bado akashtuka usiku, kwa hiyo kumsifu kwamba amekomaa kisha kuacha kumjulia hali ni kumtupa. Wala sishauri alazimishwe kusimulia yote katika kikao kimoja siku ileile. Tafiti hazikuonyesha kwamba vikao hivyo huzuia maradhi ya akili. Apumzike, akae na wenzake wa zamu, azungumze atakapotaka, na ndoto mbaya zikizidi mwezi mmoja apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili bila kuondolewa kikosini kwa sababu hiyo.