Kula Vizuri si Cheti cha Afya cha Nyoka Mgeni

Karibu kila mteja anayeniletea boa (nyoka anayefanana na chatu) au chatu aliyemnunua majuzi hapa Marekani huanza na hoja ileile kabla sijamtoa nyoka mfukoni: "Daktari, huyu ni mzima kabisa, amekula panya siku ya pili tu." Kwa kuwa amekula, tayari amewekwa chumba kimoja na nyoka wa zamani, na wakati mwingine kizimba kimoja. Nimelazimika kuipinga kauli hii mara nyingi mno, kwa sababu anayeiamini huacha karantini akidhani ameshapata jibu.

Ukweli ni kwamba hamu ya kula haithibitishi kuwa nyoka hana virusi. Chukua ugonjwa uitwao kwa Kiingereza inclusion body disease, unaojaza seli za mwili uchafu wa protini, ambao mwaka 2012 watafiti waliuhusisha na virusi vya kundi la arena. Boa aliyeambukizwa anaweza kula, kujivua gamba vizuri na hata kuzaa kwa miaka kadhaa bila dalili yoyote, huku akiwaambukiza wenzake na hata watoto wake. Chatu hana ustahimilivu huo: akivipata virusi hivyo, hukaza shingo na kuinua kichwa kama anayetazama dari, na ukimlaza chali hushindwa kujigeuza, jambo ambalo nyoka mzima hulifanya papo hapo. Tiba haipo. Kwa hiyo boa yule anayesifiwa kwa kula ndiye anayeweza kuwamaliza chatu waliokuwamo nyumbani, na mwenye nyumba hatamshuku hata kidogo. Virusi vya nido, vilivyoelezwa kwa chatu mwaka 2014, navyo huweza kukaa kwa muda mrefu ndani ya mnyama anayekula, hadi siku utakapoona ute mdomoni na kumsikia akikoroma anapovuta pumzi.

Ndiyo maana ninasisitiza siku 90 za karantini kuwa kiwango cha chini kwa nyoka yeyote, na miezi 6 kwa boa na chatu, pamoja na vipimo vya vinasaba vya damu na vya ute unaochukuliwa mdomoni na kooni kwa kijiti cha pamba. Muda peke yake, bila vipimo, hautambui boa asiyeonyesha dalili, na kipimo kimoja cha siku ya kwanza hakitoshi, kwa sababu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kuonekana safi. Nyoka mwingine akiingia katika chumba hicho kabla ya muda kwisha, hesabu inaanza upya kwa wote.

Wengine hukubali karantini kwa jina tu, wakimweka mgeni kwenye sanduku lake, rafu moja chini ya wenzake. Utitiri wa nyoka hutembea kutoka kizimba hadi kizimba, hupita kwenye matundu ya hewa, na katika joto huweza kutoka yai hadi utu uzima kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Karantini ni chumba kingine chenye mlango unaofungwa, chenye kibanio chake na bakuli lake la maji, na mgeni huhudumiwa wa mwisho baada ya wote. Mtandikie karatasi nyeupe za jikoni, si maganda ya mbao, hata kama kizimba hakitapendeza: juu ya karatasi hiyo utaona vitone vyeusi vinavyotembea, utaona kinyesi kilivyo, na utajua kama ametapika. Chunguza pia ukingo wa macho, mfereji ulio chini ya kidevu na maji ya bakuli, ambamo utitiri huzama ukaonekana kama chembe za pilipili manga.

Kuhusu imani kwamba nyoka aliyezalishwa kwa mfugaji hana magonjwa, nitasema kwa ufupi kwamba virusi nilivyovitaja huenea hasa katika makundi ya kufugwa. Wapo pia wanaodhani kuwa klorini huua kila kitu, ilhali vimelea vya kriptosporidia, vinavyovimbisha tumbo la nyoka katikati ya mwili, huihimili vizuri. Tena hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi, hivyo sampuli moja safi haimwondolei mnyama shaka. Kwa upande mwingine, nyoka mgeni asiyekula wiki ya kwanza si lazima awe mgonjwa. Mwacheni atulie siku 5 hadi 7 bila kushikwashikwa, mkague joto la kizimba, na mmpime uzito kila wiki, maana mizani ina maana kubwa kuliko panya mmoja aliyemezwa. Na salmonela, bakteria wanaowaharisha watu, haihitaji nyoka mgonjwa. Mzima huitoa pia, kwa hiyo watoto wa chini ya miaka 5 wasimguse, wala bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Iwapo mgeni atakufa ndani ya karantini, msimtupe wala msimgandishe, kwa kuwa barafu huharibu tishu tunazozihitaji chini ya hadubini. Mfungeni kwenye mfuko, mwekeni kwenye jokofu la kawaida mbali na chakula, na mumlete kwa uchunguzi siku hiyohiyo au kesho yake, kabla ya kuwagusa wale waliobaki.